Mitambo Mingi, Sauti Moja

Utamaduni wa taifa haukai katika nyumba za makumbusho peke yake. Hukaa pia sebuleni, katika mambo wayafanyayo watu jioni baada ya kazi, na kusikiliza muziki ni mojawapo. Kwa hiyo si upuuzi kuuliza: mtu mwenye mitambo miwili au mitatu ya muziki katika nyumba moja huitumia kwa faida gani?

Mahali pa kuuliza swali hili ni Mbezi Beach. Msafiri atokaye mjini kwa Barabara ya Bagamoyo, akiisha kupita Lugalo na kufika Tangi Bovu, hukutana na nyumba kubwa zilizozungushiwa kuta. Katika baadhi ya nyumba hizo mna mtambo sebuleni wenye spika zenye kimo cha mtoto wa shule, mna sabufa chumbani kwa vijana, na mna redio nyingine barazani kwa ajili ya wageni wa Jumamosi.

Wapo wasemao kwamba yote hayo ni anasa, na kwamba redio moja yamtosha mtu mwungwana. Sisi hatukubaliani nao. Seremala ana randa zaidi ya moja, wala hakuna amwitaye mbadhirifu, kwa kuwa kila randa ina kazi yake. Mitambo ya muziki nayo ni hivyo hivyo. Santuri ya kale, izungukayo mara 78 kwa dakika, ina mfereji mpana na hudai sindano yake yenyewe. Santuri ndogo ya mizunguko 45 hudai sindano nyembamba zaidi. Kaseti hudai mtambo wa kuzungusha utepe. Wala simu haiwezi kusoma hata kimoja kati ya vyombo hivyo.

Na muziki wetu umehifadhiwa humo. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Baada ya Uhuru, bendi kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ziliimba mbele ya vinasa sauti vya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikabaki katika kanda. Kwa kuwa hatukuwa na kiwanda chetu cha kugonga santuri, nyingi ziligongwa Nairobi, zikarudi kuuzwa kwetu. Kisha zikaja kaseti. Basi mtu mwenye mtambo wa santuri, mtambo wa kaseti na mtambo wa nyimbo za leo ameviweka vizazi vitatu chini ya paa moja. Huyo hatumwiti mtu wa anasa. Huyo ni mtunza hazina, na tunampongeza.

Lakini je, ndiyo tuyaonayo? La hasha! Mara nyingi mitambo yote mitatu ni ya aina moja, yote hupokea nyimbo kutoka simu ile ile, na nyimbo zenyewe ni zile zile zivumazo wiki hii. Tofauti iliyopo ni bei na ukubwa wa spika. Santuri za babu ziligawiwa wanunuzi wa vitu chakavu siku familia ilipohama kutoka Magomeni, kwa hoja kwamba hazipatani na nyumba mpya. Hapo ndipo tunapopinga kwa nguvu zetu zote. Kununua mtambo wa tatu na kutupa santuri za kwanza si kuupenda muziki, ni kupenda kuonekana. Tena sauti nzito za sabufa hupenya kuta, zikamfikia jirani apendaye kulala mapema. Wahenga hawakukosea waliposema debe tupu haliachi kuvuma.

Lipo na dhara la pili. Mitambo hiyo imewatenga watu wa nyumba moja. Baba yuko sebuleni, vijana wako chumbani, wageni wako barazani, kila mmoja na wimbo wake. Mtoto hapati mtu wa kumweleza Mbaraka Mwinshehe alikuwa nani, na mzee hapati kujua kijana wake apenda nini na kwa sababu gani. Tukumbuke kwamba mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walijifunza wakiwa katika vikundi vya kusikiliza redio. Redio zilikuwa chache, lakini waliosikiliza walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Tusieleweke vibaya kwamba twachukia mambo ya kigeni. Bendi ya Salum Abdallah pale Morogoro ilijiita Cuban Marimba, ikapiga mapigo yaliyotoka ng'ambo, na bado ikaimba Kiswahili safi kilichopendwa nchini kote. Kupokea si kosa. Kosa ni kupokea huku unatupa cha kwako.

Wengine watajibu: “Yote yamo katika intaneti siku hizi.” Jibu hilo ni la uvivu. Wimbo wa kale haupandi wenyewe katika intaneti. Umefika huko kwa sababu mtu fulani aliitunza santuri, akautunza na mtambo mzima wa kuipigia. Santuri iliyovunjwa jalalani kabla ya kunakiliwa imekwenda na wimbo wake, hasa ikiwa ndiyo nakala iliyobaki.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi walifundishwa kucheza dansi za kigeni bila kuzijua ngoma zao. Masikitiko hayo bado yanatuhusu, ijapokuwa leo hatulazimishwi na mtawala yeyote. Leo tunajinyima wenyewe, tena kwa fedha zetu.

Basi wenye nyumba tunawaambia hivi: kabla ya kununua mtambo wa tatu, mpelekeeni fundi ule wa kwanza ulioharibika. Walimu nao watafute mtambo mmoja wa santuri au kaseti kwa ajili ya shule. Nanyi wanafunzi, ulizeni nyumbani kama kuna santuri au kaseti za zamani, andikeni jina la wimbo, la bendi na la mwimbaji, kisha muwaketishe wazee mzisikilize pamoja. Nyumba yenye mitambo mitatu na isiyo na wimbo hata mmoja wa babu zake bado ni nyumba bubu.