Kilo za Msichana wa Kazi

Katika maboma mengi ya wakulima wakubwa wa chai kuanzia Litein hadi Mogogosiek na Silibwet, kazi ya msichana wa nyumbani haiishii jikoni. Akishakamua ng'ombe, akawaandaa watoto kwenda shule na kuosha vyombo, hujitwika kikapu na kuingia shambani pamoja na vibarua. Majani yakifika kwenye kituo, karani anasoma mizani na kilo zote zinaingia kwenye namba ya mkulima. Kibarua atalipwa kwa kila kilo aliyochuma. Msichana wa nyumbani hapati chochote kwa kilo zake, kwa sababu, tunaambiwa, yeye ni mtoto wa hapa.

Mpaka kati ya jamaa na mwajiriwa unapopotea hivi, hupotea kwa faida ya upande mmoja. Mtoto akilia usiku wa manane, msichana ni mmoja wetu, aamke ambembeleze. Wageni wakiketi sebuleni, yeye ni mfanyakazi tena, atakula baadaye jikoni. Mshahara ukichelewa anaombwa avumilie hadi bonasi ya chai ya Oktoba, kama wanavyovumilia watu wote wa nyumba hiyo. Bonasi ikiingia, hayumo miongoni mwa wanaoipangia matumizi.

Siamini kwamba mapenzi hayo ni ya uongo. Zipo familia Kericho na Bomet zilizowalipia wasichana wao karo ya chuo, zikawauguza, zikakaa upande wa wazazi siku ya mahari. Isitoshe, wengi huletwa na ukoo. Shangazi, yaani senge kwa Wakipsigis, humchukua binti wa kaka yake kutoka pande kavu za Chepalungu ambako chai haistawi, na binti anapata chakula, nguo na mahali pa kulala. Malezi ya namna hiyo yamewaokoa watoto wengi, na mimi ningesikitika kuyaona yakifa. Lakini binti huyo akitimiza miaka 20 akiwa bado anafua nguo za binamu zake wanaosoma Chuo Kikuu cha Kabianga, malezi yamekwisha zamani. Amekuwa mwajiriwa asiyelipwa, na udugu unazidi kumfunga mdomo, maana nani atamshtaki shangazi yake?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haimtengi mfanyakazi wa nyumbani. Inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Sahani ikimponyoka ikavunjika, mshahara wake haukatwi, kwani anayekatwa ni aliyeharibu kwa makusudi. Wakifikishana mahakamani na mkataba haupo, mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana ni wa mwajiri. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani kuwa takriban shilingi 8,596 kwa mwezi katika maeneo ya mashambani. Mwalimu mwenye mikopo atasema hana uwezo huo, na tunapaswa kumsikiliza. Mwenye ekari kumi za chai na magari mawili uani hana utetezi huo.

Kuna pengo moja katika sheria hiyo linalonitia hofu kuliko yote. Kifungu cha 6 kinakataza unyanyasaji wa kingono kwa kila mwajiri, ila wajibu wa kuandika sera na kueleza njia ya kulalamika unaanzia kwa mwenye wafanyakazi 20. Februari 2023, zaidi ya wanawake 70 waliiambia BBC kwamba wasimamizi wao waliwanyanyasa kingono katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Wabunge wakapaza sauti, na Starbucks ikasitisha kununua chai ya James Finlay Kenya. Msichana aliye peke yake katika nyumba ya tajiri hana mnunuzi wa ng'ambo wa kumtetea. Chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA huandikisha wafanyakazi wa nyumbani, lakini kumfikia asiyetoka boma bila ruhusa ni kazi ngumu. Mara nyingi hulala chumba kimoja na watoto, au kwenye kijumba cha uani kisicho na komeo kwa ndani. Kwa hiyo mimi ningeanzia na komeo, kabla hata ya mkataba. Familia inayomwita binti yake haiwezi kukosa fedha za fundi wa mlango.

Kisha kilo zake zihesabiwe. Akiingia shambani, alipwe kiwango kilekile anacholipwa kibarua wa mstari wa pili, mbali na mshahara wa nyumbani. Na fedha zifike mkononi mwake. Imezoeleka baba wa binti kupiga simu mwisho wa mwezi na kutumiwa mshahara wote kwa M-Pesa, binti akiambiwa tu kwamba umeshatumwa. Kifungu cha 17 kinataka mfanyakazi alipwe mwenyewe, isipokuwa hayupo na ameandika kwamba apewe mtu mwingine. Akitaka kumsaidia baba yake atamtumia, kutoka kwenye simu yake, kiasi alichoamua yeye.