Shule ya Kata Nayo Ina Historia

Wiki ya kwanza hapa chuoni, kabla mtu hajakuuliza jina, anakuuliza sekondari ulisoma wapi. Hosteli wenzangu walitaja seminari, shule za masista, shule za vipaji maalumu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Kigoma huko," nikajifanya natafuta chaja. Kigoma ni mkoa mzima jamani! Nilijificha nyuma ya mkoa.

Sasa niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu, na nimechoka kujificha. Nimesoma shule ya kata pembezoni mwa Ujiji, zile mnazoziita za Kayumba.

Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone. Wageni wanafika kuona mahali ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, wakasalimiana chini ya mwembe. Salamu ya wageni wawili ina jengo, ina mnara, ina ukurasa kwenye kitabu cha Historia. Shule yangu, mwendo wa miguu tu kutoka hapo, haina hata nusu ukurasa. Nimekaa pale miaka minne na hakuna aliyewahi kutuambia nani aliijenga.

Nilikuja kuambiwa nyumbani. Likizo moja nilimuuliza mama, akacheka: "We ulikuwa mgongoni." Ilikuwa 2006. Serikali ilikuwa imeanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, mwaka 2004, kisha Waziri Mkuu Edward Lowassa akasukuma kila kata iwe na sekondari yake. Mtaani kwetu wanaume walifyatua na kuchoma tofali. Wanawake walisomba mchanga na maji kichwani. Aliyekosa hela ya mchango alitoa nguvu zake. Boma likapanda, serikali ikaezeka. Mama aliishia darasa la saba. Alijenga sekondari ambayo yeye mwenyewe hakuipata.

Mimi niliingia Januari 2016, mwezi uleule elimu bila ada ilipoanza. Tulijaa! Mkondo wetu ulipita wanafunzi 80, dawati moja watu watatu. Hisabati ya kidato cha pili tulifundishwa na kaka mmoja wa mtaani aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, anajitolea. Asubuhi ni kufanya namba, paredi, halafu kiranja anapita na daftari la kuandika waongea Kiswahili. Ujiji hiyo, mji uliokisema tangu enzi za misafara, mtoto anachapwa kwa kuongea Kiswahili.

Na tulikuwa na kalenda nyingine ambayo wizarani haipo. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Siku za giza baadhi ya wavulana walikuja darasani wanasinzia, wametoka ziwani alfajiri, na sisi wasichana tulipitia kwanza ufukweni kusaidia kuanika. Siku za mbalamwezi darasa lilijaa, ila nyumbani hela hakuna. Daftari likiisha unageuza unaandikia nyuma. Mwalimu mmoja alilijua hilo, akawa anapanga majaribio yake siku za mbalamwezi. Mwingine hakulijua, akatuandika watoro na kutuita wavivu. Wote wawili walikuwa na shahada. Tofauti ni kwamba mmoja aliuliza watu wa pale wanaishije.

Najua mtaniambia historia haileti mwalimu wa hisabati. Kweli kabisa, na sina nia ya kupamba. Majengo yalitangulia, walimu wakafuata kwa kuchechemea. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, na shule za kata zikabeba lawama nyingi. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja sasa anauza migebuka sokoni. Hisabati alikuwa ananizidi.

Lakini tujiulize sisi wa ualimu: ajira zikitoka, wengi wetu tutapangiwa wapi? Kwenye shule hizihizi. Ukifika unaamini umetupwa jalalani, hutafundisha. Utahesabu siku za kuomba uhamisho. Ukifika unajua kuna mama alibeba mchanga wa ukuta ule akiwa na mtoto mgongoni, utaona aibu kuingia darasani bila andalio la somo.

Kwa hiyo nina ombi. Tukienda fildi safari hii, kila mmoja aulize wazee watatu wa pale: nani alitoa kiwanja, nani alichoma tofali, mwalimu wa kwanza alikuwa nani, wanafunzi wa kwanza wako wapi leo. Kurasa mbili zinatosha. Nakala moja umwachie mkuu wa shule, nyingine uilete kwenye jarida hili, na serikali yetu ya wanafunzi izichape. Hakuna haja ya kusubiri wafadhili. Daftari na kalamu tunavyo, na wazee bado wapo, ingawa hawatakuwepo siku zote.

Mimi nimeshaanza. Nilipomsomea mama kwenye simu, alinyamaza kidogo, kisha akasahihisha: mchanga hawakuutoa pale nilipoandika, waliutoa mbali zaidi. Nimerekebisha.

Na ukinikuta hosteli ukaniuliza nilisoma wapi, sitafutafuti chaja tena.