Somo la Mmea Lianzie Shambani

Toleo hili zima tumelitenga kwa ajili ya mimea, nalo lina hoja moja. Usanisinuru na uzazi wa mimea, mada ambazo vitabu vya shule huziweka katika sura mbalimbali, katika maisha ya mmea ni kazi moja: jani hutengeneza chakula, ua hukitumia kuzalia, na jani likikwama ua nalo hukwama. Mwanafunzi anayezisoma kila moja kivyake anaweza kufaulu mtihani, lakini akashindwa kueleza kwa nini shamba la nyumbani kwao limetoa mahindi yenye mapengo. Tunasema somo hili lianzie shambani, na mfano tuliouchagua ni mahindi yenyewe.

Tuanze na uzito. Gunia la mahindi la kilo 100 limetoka wapi? Wengi wetu hujibu haraka: kwenye udongo na mbolea. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alipanda mche wa mti kwenye chombo chenye udongo alioukausha na kuupima, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka takriban kilo 74. Udongo ulipungua kwa gramu zisizofika 100. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alihitimisha kwamba mti umejengwa na maji matupu, kwani hakujua kwamba hewa nayo ina mchango. Leo tunajua kwamba kaboni na oksijeni, ambazo jani huzipata hasa kwenye kabonidayoksaidi, ni takriban asilimia 90 ya uzito wa mmea mkavu. Sehemu kubwa ya gunia lile ilitoka hewani, ikaunganishwa kwa nguvu ya jua.

Mbolea haipotezi heshima yake kwa kusema hivyo. Naitrojeni hujenga klorofili na vimeng'enya vinavyonasa kabonidayoksaidi. Ikipungua, mmea huihamisha kutoka majani ya chini kwenda kwenye machanga ya juu, na jani la chini huanza kuwa njano kwenye ncha, njano ikiingia ndani kwa umbo la V kufuata mshipa wa kati. Mkulima anayeiona alama hiyo anaona jani linalopoteza uwezo wa kutengeneza chakula.

Maji nayo yana hesabu yake. Kabonidayoksaidi huingia kwenye jani kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata, na maji hutokea humohumo. Jua likiwa kali na udongo mkavu, mmea huvifunga na majani hujikunja: unaokoa maji, lakini unajinyima chakula. Mahindi, kama mtama na muwa, yana njia ya kunasa kabonidayoksaidi vizuri zaidi kwenye joto, njia ambayo Marshall Hatch na Roger Slack waliifafanua nchini Australia mwaka 1966 kwa kuchunguza miwa. Njia hiyo huyapunguzia hasara, haiyaondolei kiu.

Sasa tuje kwenye ua. Mhindi una maua ya kiume na ya kike, kila moja mahali pake. Kileleni hutoka mbelewele, ambayo kwa muda wa takriban wiki moja humwaga mamilioni ya chembe za chavua. Ubavuni mwa bua hutoka hindi changa lenye ndevu, na hapa pana jambo linalostahili kujulikana na kila anayelima: kila unywele mmoja umeshikamana na punje moja tarajiwa. Chavua hutua kwenye unywele, huotesha mrija mwembamba, na mrija huo hushuka hadi kwenye yai, kwa kawaida ndani ya saa 24. Unywele uliokosa chavua hautoi punje. Kwa hiyo pengo kwenye gunzi ni alama ya unywele uliokosa chavua, au ya punje changa iliyokufa kwa kukosa sukari.

Hapo ndipo mada zetu mbili zinapokutana. Ukame ukiingia wakati wa kuchanua, stomata hufungwa, sukari hupungua, na ndevu huchelewa kutoka ilhali mbelewele inaendelea kumwaga. Ndevu zikija kutokeza, chavua imekwisha. Kuanzia miaka ya 1970, watafiti wa kituo cha CIMMYT nchini Meksiko walichagua, kizazi hadi kizazi, mimea ambayo siku kati ya mbelewele na ndevu ni chache hata kwenye ukame. Kazi hiyo ni mojawapo ya misingi ya mbegu zinazostahimili ukame zilizofika Kenya, Tanzania na Uganda.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya bila hadubini wala kemikali. Siku chache baada ya ndevu kutoka, chuma hindi moja. Pasua maganda kwa kisu kuanzia kitakoni hadi nchani bila kuzikata ndevu, yafunue, kisha shika kitako na ulitikise taratibu. Ndevu za mayai yaliyokwisha kutungishwa hudondoka. Ambazo bado hubaki zimeng'ang'ania, mara nyingi nchani, kwa kuwa ndevu za huko hutoka mwisho. Kwenye hindi lililokomaa, wanafunzi wahesabu mistari ya punje: 12, 14, 16. Idadi huwa shufwa, kwa sababu maua ya kike hujipanga mawilimawili.

Punje yenyewe ina habari kubwa zaidi. Kila chavua huleta seli mbili za kiume. Moja huungana na yai, likawa kiinitete. Ya pili huungana na seli ya kati iliyo jirani, ikawa akiba ya wanga. Utungisho huu wa mara mbili ulitangazwa na Mrusi Sergei Nawaschin mwaka 1898. Mashine ya kukoboa huvitenganisha viwili hivyo: sembe ni ile akiba ya wanga, na kiini chenye mafuta huishia kwenye pumba. Dona huvibakisha vyote.

Tena chavua haiheshimu mpaka wa shamba. Punje za njano zinazojitokeza kwenye hindi jeupe msimu uleule zimetokana na chavua ya mahindi ya njano yaliyo karibu. Anayehifadhi mbegu ya Staha au Katumani achague mahindi ya katikati ya shamba, mbali na ya jirani. Anayehifadhi punje za mbegu chotara ajue kwamba kizazi kinachofuata hutawanya sifa za wazazi na mavuno hushuka. Ushauri wa kununua mbegu kila msimu una sababu ya kibiolojia, na mkulima anastahili kuelezwa sababu hiyo pamoja na bei.

Tunajua pingamizi. Mwalimu ana mtaala wa kumaliza, na mtihani unauliza mchoro wa ua wenye majina. Mchoro ubaki. Lakini ua la kitabuni aghalabu lina petali za rangi, na mtoto akiliona hilo tu huondoka akiamini kwamba mahindi hayana maua, kumbe upepo hauhitaji kuvutiwa kwa rangi. Mkulima naye tusimwendee kama asiyejua kitu. Ndiye anayejua majani yake hujikunja saa ngapi na mvua humkimbia wiki gani. Anachodai kwetu ni maelezo yanayolingana na alichokwisha kukiona.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa mfuatano huo: jani, mzizi na bua, ua, kisha mbegu. Tunaziomba shule jambo moja lisilohitaji bajeti. Mada hii ipangiwe wiki ambazo mahindi ya eneo lao yanachanua, hata kama sura yake kitabuni bado haijafikiwa. Wiki hizo ni mbili hivi kwa msimu, na ndizo zinazoamua idadi ya punje. Darasa likizikosa, litasubiri hadi msimu ujao.