BUSTANI NYUMBANI: Mimea ya Vyombo Ipendayo Kivuli

Huko Likoni, Kisauni na Changamwe nyumba nyingi zimejengwa karibu karibu, na mahali palipobaki pa kuweka maua ni upenuni, kichochoroni au chini ya mwembe. Mwenye nyumba hununua waridi, hulitia katika debe na kuliweka papo hapo. Baada ya majuma machache waridi hudhoofika na majani hupukutika, naye husema mkono wake hauna baraka. Kosa si la mkono. Waridi ni mmea wa jua, na majani hujitengenezea chakula kwa mwanga. Aliyeliweka kivulini amelinyima chakula.

Basi jambo la kwanza ni kupima mahali penyewe. Ikiwa jua halifiki, lakini mtu aweza kusoma gazeti mchana bila taa, pana mwanga uitoshao mimea ya msituni.

Mimea hiyo haitoki mbali. Zamioculcas zamiifolia, yenye majani mazito yang'aayo, hupamba ofisi za Ulaya na Marekani, nayo asili yake ni Afrika ya Mashariki, pwani hii ikiwamo. Chini ya udongo ina shina nene kama kiazi liwekalo maji, hata hustahimili majuma kadha bila kunyweshwa. Ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia lilipelekwa Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892 na Walter von Saint Paul, mtumishi wa serikali ya Wadachi. Jamaa zake huota hata katika majabali ya chokaa yenye kivuli huko Kilifi. Mkonge mwitu na kangaga hufaa pia.

Lakini haifai kwenda kung'oa msituni. Misitu ya kaya za Wamijikenda ni mitakatifu, na tangu mwaka 2008 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Isipokuwa kwa kangaga, jani moja la kuombwa kwa jirani latosha: likichomekwa katika mchanga wenye unyevu litatoa mizizi, ingawa la Zamioculcas hutaka miezi mingi ya subira.

Debe au chungu kitobolewe matundu chini, kisha kitiwe udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Kabla ya kumwagia maji, kidole kichomekwe udongoni. Kikitoka na unyevu, maji yangoje. Kivulini mimea mingi huuawa na maji kuliko kiu. Tena Zamioculcas iwekwe mbali na watoto, kwani utomvu wake huwasha kinywa.

La mwisho ni kisahani kilicho chini ya chungu. Mbu aenezaye kidingapopo na chikungunya, homa iliyowatesa watu wa Mombasa mwaka 2017 na 2018, hutaga katika maji kidogo kama hayo, na katika joto la pwani yai huwa mbu kwa muda wa siku kumi hivi. Kisahani kimwagwe kila juma na kusuguliwa kandoni, maana mayai hugandama hapo. Asiyeweza kazi hiyo aweke chungu juu ya mawe mawili, bila kisahani.