Nakilini kanda hizo kabla hazijaoza

Nakuru haina uhaba wa picha za miaka yake migumu. Ina uhaba wa watu walio tayari kuzitoa kabatini, kuzipangusa vumbi na kuzinakili. Kazi yenyewe inahitaji chumba kimoja kisichovuja, deki chache nzima, kompyuta, na vijana wawili wanaolipwa mwisho wa mwezi. Badala yake tumekaa tukilalamika kwamba hadithi yetu haisimuliwi, kama mtu aliyeketi kando ya kisima akilia kiu kwa sababu hajanunua kamba.

Waulize vijana wanaotengeneza filamu hapa mjini. Wakitaka kueleza jinsi wazazi wao walivyoishi pesa zilipokauka, wanaishia kumketisha mzee kwenye kiti na kuwasha kamera. Mzee anaeleza vizuri, lakini akitaja foleni ya unga, mtazamaji anataka kuiona foleni. Anataka kuona watu walivaa nini, walibeba nini, nani alikuwa mbele na nani alikuwa ameketi chini kwa uchovu. Filamu ya kumbukumbu hujengwa kwa vitu kama hivyo. Bila picha za wakati ule, yanabaki mazungumzo tu.

Na picha zilipigwa. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, ikawa Sauti ya Kenya mwaka 1964, kisha KBC mwaka 1989. Katika miongo hiyo kamera za serikali zilifika Nakuru mara nyingi, kwa sababu Mzee Kenyatta alipenda kukaa Ikulu ya hapa na Moi alikuwa na makao yake Kabarak. Kamera ilimfuata Rais, sawa, lakini Rais alisimama mbele ya watu. Nyuma ya waimbaji na machifu wanaonekana watoto wa shule na viatu vyao, au kutokuwa navyo, mabango ya maduka, mizigo juu ya basi. Mpiga picha hakutumwa kurekodi hali ya uchumi, ila aliirekodi.

Baadaye zikaja kanda za VHS. Wapiga vidio wa mitaani walizunguka na kamera begani wakirekodi harusi, mazishi na harambee. Kanda hizo leo ziko chini ya vitanda Bondeni, Bahati, Subukia na Elburgon, na wenyewe wanaziona kuwa mambo ya familia tu. Sivyo. Fikiria kanda ya harambee ya mwaka 1993, mwaka ambao mfumko wa bei ulipita asilimia 40. Mwenye kipaza sauti anataja mchango mmoja mmoja, noti ndogo ndogo, kuku ananadiwa, debe la mahindi linahesabiwa kama pesa, na wasio na kitu wanatoa ahadi. Hakuna ripoti ya Benki Kuu itakayokuonyesha uso wa baba anayetoa ahadi ambayo hana uhakika ataitimiza.

Chukua pareto. Hakuna hadithi ya uchumi iliyo yetu kuliko hiyo. Ua hilo jeupe lilianza kulimwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1920, likashika kasi miaka ya 1930 wakati bei ya mahindi ilikuwa imeanguka kote duniani. Kuna wakati Kenya ilikuwa ikiuza zaidi ya nusu ya pareto yote ulimwenguni, na kiwanda kilikuwa hapa Nakuru. Molo, Njoro, Mau Narok, na upande ule wa Ol Kalou, akina mama na watoto waliingia shambani na vikapu wakachuma vichwa vya maua peke yake, wakavianika vikakauka, wakavipeleka kwa chama cha ushirika vikapimwe. Hela hiyo ililipa karo. Ilijenga nyumba za mabati. Kisha Bodi ya Pareto ikashindwa kuwalipa wakulima, miezi ikawa miaka, na mapema katika karne hii watu wakaing'oa wakapanda viazi. Soko likachukuliwa na wakulima wa Tasmania, kule Australia.

Hadithi hiyo inastahili filamu nzima, yenye mizani ya ushirika, magunia mlangoni pa kiwanda, na siku mkulima alipoamua kung'oa. Inachopata ni dakika tatu katika taarifa ya habari kila wakati kiongozi fulani anapoahidi kufufua zao hilo. Vivyo hivyo wafanyakazi wa kiwanda cha betri cha Eveready, kilichofungwa mwaka 2014 baada ya karibu nusu karne. Vivyo hivyo Elburgon na Molo baada ya serikali kusimamisha ukataji wa miti Februari 2018, misumeno ikanyamaza na mama wa hoteli wakakosa wateja. Tunajadili uamuzi wenyewe, nani alikosea na nani alifaidika. Maisha ya watu walioamka asubuhi bila kazi hatuyatazami.

Mwaka 1984 unatufundisha jambo. Oktoba ya mwaka huo dunia iliiona njaa ya Korem, Ethiopia, kupitia kamera ya Mkenya, Mohamed Amin, na picha zile bado zinatazamwa leo kwa sababu wapo waliozitunza. Mwaka huohuo mvua ya masika ilikosa hapa kwetu, na nchi ikala mahindi ya manjano yaliyoletwa na meli. Kila nyumba ya Nakuru yenye mtu wa umri wa kutosha ina kisa cha mahindi hayo: ladha yake, ugali wake, fununu kwamba yalikuwa chakula cha ng'ombe. Wajukuu wamesikia kisa, hawajawahi kuona gunia.

Muda nao umekwisha. UNESCO ilitoa onyo mwaka 2019 kwamba kanda za sumaku zisizonakiliwa kufikia karibu mwaka 2025 huenda zisichezeke tena, kwa kuwa mashine zinatoweka na mafundi wake wanazeeka. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Filamu za zamani za utepe zikianza kuharibika hutoa harufu kali ya siki, na harufu hiyo ikishatoka hakuna dawa ya kuzirudisha zilivyokuwa. Kinachobaki ni kunakili haraka. Sisi bado tunapanga mikutano ya kupanga mikutano.

Wengine walishika kazi mapema, na hawakuwa malaika. Marekani ilipokuwa katika mdororo mkuu, serikali yenyewe ililipia filamu ya Pare Lorentz ya mwaka 1936 kuhusu mashamba yaliyogeuka vumbi. Mwaka 1975 Philippe Mora akaunganisha vipande vya taarifa za habari na filamu za miaka ile akatoa filamu nzima ya mdororo huo, bila msimulizi. Aliweza kwa sababu kuna mtu, miaka 40 kabla yake, ambaye hakutupa mikebe ya filamu.

Mfano wa karibu zaidi unauma. Kule Bristol, Uingereza, kulikuwa na jumba la makumbusho la himaya ya Waingereza lililokusanya filamu za nyumbani za familia zilizoishi katika makoloni, Kenya ikiwemo. Jumba lilipofungwa mwaka 2008, filamu hazikuachwa zioze. Zilikwenda katika hifadhi ya nyaraka inayoendeshwa na halmashauri ya jiji hilo. Kwa hiyo mjukuu wa mlowezi ana mahali pa kuulizia picha za maisha ya babu yake. Mjukuu wa aliyekamua ng'ombe wa mlowezi huyo, akiwa Njoro, hana pa kuanzia. Babu yake akiwamo katika filamu hizo, basi anapita nyuma ya gari akiwa na ndoo, na jina lake halijaandikwa popote.

Jiji la Bristol linaweza. Nakuru nayo ni jiji, tangu tarehe 1 Desemba 2021. Sherehe tulifanya.

Tunaambiwa hiyo ni kazi ya Nairobi. Hapana. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Maktaba, makumbusho, sinema na maonyesho ya vidio yametajwa humo miongoni mwa kazi za kaunti. Hakuna haja ya kungoja barua kutoka wizara yoyote. Idara ya Nyaraka za Taifa na KBC zina wajibu wao, na zinapaswa kumruhusu mwanafunzi wa filamu atumie picha za umma bila kumtoza ada asiyoimudu, maana mlipakodi alishazigharamia siku zilipopigwa. Lakini kanda iliyo chini ya kitanda cha mama wa Bahati haitafuatwa na mtu kutoka Nairobi.

Tunaambiwa pia kwamba ni aibu, na kwamba kufukua miaka ile kutaamsha mambo ya ghasia za kikabila za 1992 na 2008. Hofu hii hatuipuuzi. Molo na Olenguruone ziliungua, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Picha za wakati huo zinahitaji mikono ya watu wazima: familia ziulizwe kabla ya nyuso zao kuonyeshwa, na filamu isitumiwe kunyooshea jirani kidole. Lakini mkulima wa pareto aliyenyimwa malipo yake hakuulizwa kabila kwanza. Unga uliopita shilingi 200 kwa pakiti ya kilo mbili mwaka 2022 uliuzwa bei hiyohiyo Kaptembwo na Section 58. Tuanze na hayo. Watu wakiketi pamoja wakaona kwamba walikaa njaa pamoja, mazungumzo yale mengine yatapata pa kuanzia. Kuhusu aibu, mama aliyesomesha watoto kwa kuchuma maua na kuuza sukuma wiki hana la kuonea haya. Wenye la kuonea haya ni waliomnyima hela yake.

Kisingizio cha pesa hatutakijibu kwa urefu. Kaunti inayonunua mahema na viti kwa kila hafla inaweza kununua deki kuukuu na kulipa fundi wa kuzitunza.

Kuna jambo la leo ambalo linatutia wasiwasi hata zaidi. Miaka migumu haijaisha, na safari hii kila mtu ana kamera mfukoni. Juni 2024 vijana wa Nakuru waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na waliirekodi siku hiyo kwa simu zao kutoka kila kona. Wengine walirekodi duka likifungwa, mwenye nyumba akitoa vitu nje, bei kwenye ubao wa mama mboga. Vidio hizo ziko kwenye simu zinazoibwa, kuvunjika na kuuzwa. Zilizowekwa katika statasi ya WhatsApp zilitoweka baada ya saa 24. Chumba kilekile tunachokidai kwa ajili ya VHS ndicho kingezipokea hizi pia, zikiwa na tarehe, mahali na jina la aliyepiga akikubali litajwe.

Chumba kikipatikana, kisiwe ghala. Kanda zikinakiliwa zirudi kwa watu: kwenye kumbi za kijamii, makanisani, misikitini, shuleni, Jumamosi alasiri, na wazee waketi mbele wakitaja majina. "Huyo ni mama nani. Hiyo ilikuwa duka ya fulani kabla haijabomolewa." Kijana aandike. Nusu ya thamani ya picha ya zamani iko katika kujua ni nani na ni wapi, na maarifa hayo yamo vichwani mwa watu ambao mwaka 1984 walikuwa na miaka 20 na sasa wamepita 60.

Wewe mwenye kanda nyumbani usingoje kaunti. Iondoe juani na mbali na sakafu yenye unyevu. Usiijaribu kwenye deki usiyoiamini, inaweza kuimeza. Chukua kalamu sasa hivi uandike kwenye kasha mwaka, mahali na majina unayokumbuka. Na bajeti ya kaunti ikiletwa kwa wananchi, mwakilishi wadi wako akiuliza wadi inataka nini, simama umwambie: chumba, deki, na vijana wawili.