Mandhari ya Turkana: Haki iliyozuiwa na vidato na mchanga

MTU anayetaka kuuona mji wa Lodwar wote kwa mtazamo mmoja hupanda kilima chenye sanamu kubwa ya Kristo. Kutoka juu huonekana mapaa ya mabati, mto Turkwel pamoja na ukanda wa miti unaoufuata, kisha nyika kavu hadi upeo wa macho. Kufika huko, hata hivyo, ni kwa kupanda vidato. Anayetumia kiti cha magurudumu hubaki chini akisimuliwa.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo katika kaunti inayokumbwa na ukame kila mara, ambako maji ya kunywa ni tatizo. Hoja hiyo ina uzito, lakini imetumiwa mno. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na haikuweka sharti kwamba asubiri mpaka shida nyingine ziishe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 2008, unataja waziwazi burudani na maeneo ya utalii. Sheria ya mwaka 2003 nayo imefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na mpya ya mwaka 2025. Kwa ufupi, sheria zipo tele.

Mfano wa kinachowezekana upo nchini humu. Mjini Mombasa, eneo la Mama Ngina lililo juu ya magenge yanayotazama Bahari Hindi lilikarabatiwa na kuzinduliwa mwaka 2019, wakati wa sherehe za Mashujaa. Leo familia hutembea huko jioni kwenye njia pana zilizosakafiwa, upepo wa bahari ukiwapiga na meli zikiingia bandarini Kilindini. Bustani hiyo ina jina la mkewe Mzee Jomo Kenyatta, ambaye serikali ya mkoloni ilimzuilia huko huko Lodwar kabla ya kumhamishia Maralal mwaka 1961.

Turkana haina bahari, bali ina ziwa ambalo wenyeji wengi wa pwani wangelistaajabia. Ni ziwa kubwa zaidi la jangwani duniani, na mbuga zake zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1997, ingawa mwaka 2018 ziliwekwa miongoni mwa zilizo hatarini. Wageni kutoka Lodwar huenda Kalokol au Eliye Springs. Wakishuka garini, hukutana na mchanga mwororo unaomeza magurudumu ya kiti baada ya hatua chache tu.

Jawabu linaloweza kuja haraka akilini ni kujenga njia ya saruji kando ya maji. Hilo lingekuwa kosa. Ziwa Turkana halina mto wa kutolea maji, hivyo kina chake hupanda na kushuka pasipo kungoja mipango ya mtu. Katika miaka ya 1980, ghuba ya Ferguson karibu na Kalokol ilikauka na kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway kikapoteza maana. Katika miaka ya karibuni mambo yamegeuka: ziwa limefurika na kuwahamisha watu kutoka makazi yao. Njia ya kudumu yafaa kupita juu, kwenye miinuko inayolitazama ziwa, ambako ardhi ni ngumu na maji hayafiki.

Huko Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, suala hili halihusu utalii pekee. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Sudan, na pamoja na makazi ya Kalobeyei sasa ina zaidi ya watu robo milioni. Wengi wao walitoroka risasi na mabomu ya ardhini. Hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, iliyoendeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kuanzia 1987 hadi 2006, ilikuwa na karakana ya kutengeneza miguu ya bandia. Dunia iliijua Kakuma mwaka 2016 kupitia wanariadha watano waliokimbia katika Olimpiki ya Rio. Wale ambao vita viliwanyima hata uwezo wa kutembea hawakupata kamera.

Kwao, ardhi yenyewe ndiyo kikwazo. Kambi imekatwakatwa na laga, mito ya msimu ambayo hukaa kavu kwa miezi kisha ikafurika kwa saa chache. Anayeishi ng'ambo ya laga hutengwa na shule, zahanati na soko. Tena kuna mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na ambao miiba yake hutoboa mipira ya magurudumu bila huruma. Mtu mwenye miguu mizima huikanyaga kwa ndara zake zilizokatwa kutoka kwa tairi na kuendelea na safari.

Yanayohitajika si maajabu ya uhandisi. Mteremko usiozidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele, udongo ulioshindiliwa vizuri, vyuma vya kushikilia, na vivuli vya kupumzikia kila baada ya hatua kadhaa, kwa maana joto la Turkana humchosha hata mzima. Gharama huwa kubwa pale tu haya yanaposahauliwa mwanzoni na kuongezwa baadaye. Serikali ya kaunti, ambayo kila mara hujinadi kwa tamasha la Tobong'u Lore, ingeweza kuyaweka kuwa sharti katika kila mradi wa utalii inaoutoa kwa zabuni.

Mahali pa kuanzia papo. Kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol yamesimama mawe ya kale ya Namoratunga, ambayo masimulizi yanasema walikuwa watu waliogeuzwa mawe. Ni mwendo mfupi tu kutoka barabarani, na hapana mlima wa kupanda. Kinachokosekana ni njia iliyoshindiliwa ya kumfikisha mgeni mwenye kiti cha magurudumu kutoka mlango wa gari hadi kwenye mawe hayo.