Mbega wa Diani Wana Vivuko, Shangazi Hana

Mhariri,

Barua hii inaandikwa usiku wa Jumamosi, goti la shangazi bado linakandwa maji ya moto sebuleni, na mwandishi wake hajatulia.

Asubuhi mwandishi huyo, mwalimu mstaafu anayekaa Ukunda, alimsindikiza shangazi yake kwenda Diani. Shangazi ana miaka 71 na anatembelea mkongojo. Haja zao zilikuwa tatu tu: kutoa pesa benki, kununua dawa za presha, na kuchukua unga na mafuta supamaketi. Sehemu zote tatu zimekaa jirani, mtoto akirusha jiwe analifikisha. Shughuli iliyostahili nusu saa iliwala karibu saa tatu.

Tuktuk iliyowachukua njia panda ya Ukunda iliwashusha ukingoni mwa barabara, kwa sababu mlinzi wa senta ya kwanza ya maduka, yenye benki, aliikatalia kuingia. Ndani, alisema, ni magari ya wateja. Kutoka pale hadi mlango wa benki hakuna njia ya miguu. Lango ni moja, magari yanaingilia hapo na kutokea hapo, na mwenda kwa miguu anajipenyeza katikati. Shangazi alisimama, akangoja, akasogea hatua mbili, akapigiwa honi. Akarudi nyuma. Akajaribu tena. Walipofika ndani walikuta uwanja mpana wa kabro unaochomwa na jua la saa tano, hauna mti wala benchi, na magari yaliyoegeshwa ni kumi na moja. Mwandishi aliyahesabu, kwa kuwa mwendo wa shangazi ulimpa nafasi ya kuhesabu.

Benki walihudumiwa vizuri. Duka la dawa ndilo lililowatesa. Liko senta ya pili, iliyopakana na ya kwanza ukuta kwa ukuta, na ukuta huo hauna hata kijilango. Ungekuwa na upenyo, zingekuwa hatua thelathini. Badala yake ilibidi warudi hadi lango la kwanza, watoke barabarani, wafuate ukingo wa mchanga huku pikipiki zikiwapita ubavuni, wavuke mtaro, ndipo waingie lango la pili. Juu ya mtaro ule pamelazwa kipande cha zege kilichopasuka, hicho ndicho daraja. Ncha ya mkongojo ilizama kwenye ufa. Shangazi akaanguka kwa goti la kulia, kandambili moja ikatumbukia kwenye maji meusi.

Kijana wa bodaboda aliacha pikipiki yake akaja mbio kumwinua. "Pole, bibi," alimwambia. "Hapa hawaishi kuanguka." Akaingia mtaroni mwenyewe, akaitoa ile kandambili, akaisuuza kwa maji yake ya kunywa. Mungu amlipe.

Ikabaki supamaketi, ng'ambo ya barabara. Pale waliposimama hapana mistari ya kuvukia, hapana tuta. Magari ya hoteli, tuktuk, malori ya mchanga, yote yanapita bila kupunguza mwendo. Walipokuwa wakingoja, shangazi akainua macho. Juu yao ilining'inia ngazi iliyofungwa kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande wa pili, na mbega wawili, mama na mwanawe, wakavuka polepole hadi ng'ambo.

Wageni wa Diani huzipiga picha ngazi zile. Zilianza kufungwa mwaka 1997, lilipoanzishwa shirika la kuwahifadhi mbega ambao walikuwa wakigongwa na magari kwenye barabara hii hii. Ni kazi njema, na hakuna anayewaonea kijicho wanyama wale. Mwandishi anaitaja kwa sababu ya namna ilivyofanywa: watu walikaa wakatazama mbega wanavukia wapi, kisha wakaweka ngazi hapo hapo. Nani amekaa akatazama wapishi wa hoteli, walinzi, wafanyakazi wa ndani, wanafunzi na wazee wa Ukunda, Bongwe, Mvindeni na Kona ya Musa wanavukia wapi?

Maduka ya Diani yalijengwa kiwanja baada ya kiwanja kando ya barabara ya ufuoni, kila mwenye kiwanja na ukuta wake, lango lake na uwanja wake wa magari mbele. Mgeni aliyefikiriwa ni yule anayekuja na gari. Lakini mtu akae pale asubuhi moja atazame wanaoingia. Wengi wameshuka matatu, wengine wameletwa na tuktuk, wengine wametembea kutoka barabara kuu. Hao ndio wanaonunua mkate na vocha mwaka mzima, watalii wakiwepo wasiwepo. Na tangu njia ya Dongo Kundu ikamilike, gari linatoka upande wa Mwache hadi Kwale bila kungoja feri ya Likoni. Magari yatazidi. Wenye mamlaka wakijibu kwa kupanua maegesho peke yake, shangazi ataanguka tena.

Kinachoombwa hakihitaji kubomoa kitu kikubwa. Kuta za senta zitobolewe milango ili mtu atoke duka hili aingie lile. Njia moja yenye kivuli iziunganishe zote. Steji iwekwe katikati ya maduka, matatu ziende na kurudi njia panda ya Ukunda kwa saa zinazojulikana. Mitaro ifunikwe. Mahali pa kuvukia pawekwe pale watu wanapovuka. Hapo Diani itakuwa mji wenye kitovu, mtu ashuke mara moja na amalize shughuli zake zote kwa miguu.

Wenzetu wamefanya. Kigali ilifunga barabara ya katikati ya mji kwa magari mwaka 2015, ikawaachia watu. Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi ya mwendokasi Mei 2016, kilomita zipatazo 21, barabara ya Morogoro ilipata pia njia za miguu na za baiskeli, kwa sababu abiria wa basi ni mwenda kwa miguu kabla hajapanda na baada ya kushuka. Hata Marekani, ulikozaliwa wazimu wa kuegesha, mji wa Lakewood kule Colorado ulibomoa jumba la maduka la Villa Italia lililofunguliwa 1966 na kuzungukwa na bahari ya maegesho, na mahali pake tangu 2004 pana mitaa ya kawaida, maduka chini na nyumba juu. Na sisi Waswahili tulishindwa lini kujenga mji wa kutembea? Lamu ingali pale na vichochoro vyake, UNESCO iliuandika mji wake mkongwe kuwa urithi wa dunia mwaka 2001.

Nairobi ina sera yake tangu 2015, inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Katiba, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Maandishi tunayo.

Na kwa kuwa kalamu imeshashikwa, kuna hili pia. Baada ya yote hayo shangazi aliomba apelekwe baharini atie goti kwenye maji ya chumvi. Anaijua njia, akiwa msichana alipita hapo na tenga la samaki kichwani. Njia hiyo leo ina geti na kufuli. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Umma utafikaje, kwa kuruka ukuta? Wanasiasa wetu wa vyama vyote wamesimama kwenye majukwaa Ukunda na Msambweni wakaapa kufungua njia za pwani. Wakishapata kura hupita Diani ndani ya magari ya vioo vyeusi, na ndani ya gari la namna hiyo mtaro hauonekani.

Shangazi alirudi nyumbani bila kuigusa bahari. Dawa moja haikupatikana, wameambiwa waifuate Alhamisi katika duka lile lile, lango la pili, ng'ambo ya mtaro ule ule. Mwandishi atakuwepo pale saa nne asubuhi pamoja naye. Ofisa yeyote anayehusika na barabara, mipango ya mji au masoko anakaribishwa kuja kuwashika mkono.

Mwalimu mstaafu,
Ukunda, Kwale